Anayebaki Ufukweni

Mtu aliyezaliwa kisiwani hafundishwi kuyaheshimu maji. Huinyonya heshima hiyo pamoja na maziwa ya mama. Mimi ni mzaliwa wa Ukerewe, katika Ziwa Victoria. Nilisomea kazi yangu katika Chuo cha Ualimu Butimba, Mwanza, na kwa miaka mingi nilifundisha, na hatimaye kuwa mwalimu mkuu, katika shule za msingi zilizokuwa hatua chache tu kutoka ufukweni. Kila Jumatatu asubuhi, watoto wakiwa mstarini, niliwakumbusha mambo matatu: wasioge ziwani peke yao, wasicheze penye magugu na konokono kwa sababu ya kichocho, na wasipande chombo kilichojaa. Hilo la tatu nililisema kwa sauti kubwa zaidi baada ya tarehe 21 Mei 1996, siku ile MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza na mamia ya watu wakapotea. Mwaka 2018, nikiwa nimekwisha kustaafu, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na Ukara kikiwa na watu wengi kupita kiasi, na zaidi ya watu 220 walikufa. Katika waliozikwa walikuwamo niliowafundisha kusoma na kuandika.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, utanielewa nikisema kwamba binti yangu aliponialika kwenda likizo katika kisiwa ambacho watu hukiendea kwa sababu moja kubwa, yaani kuzama majini kwa hiari yao wenyewe, sikuruka kwa furaha. Binti yangu ni muuguzi nchini Uholanzi, ameolewa huko, na mumewe pamoja na mjukuu wangu mwenye umri wa miaka kumi na sita wamejifunza kupiga mbizi kwa mitungi ya hewa. Kisiwa chenyewe kinaitwa Bonaire. Kiko katika Bahari ya Karibi, kiasi cha kilomita 80 kaskazini ya Venezuela, na tangu tarehe 10 Oktoba 2010 kinahesabiwa kuwa manispaa maalumu ya Uholanzi. Tulikwenda mwaka 2024. Mimi mwenyewe nina shinikizo la damu na nimepita miaka sabini. Daktari alinipima, akanitazama juu ya miwani yake, akasema mitungi si yangu. Sikumbishia.

Swali likabaki: katika kisiwa cha wapiga mbizi, asiyepiga mbizi hufanya nini? Nimeona niandike juu ya jambo hilo kwa sababu wazee wengi wa umri wangu siku hizi huchukuliwa na watoto wao kwenda huku na huko, nao huishia kukaa vivulini wakilinda mabegi. Kulinda mabegi ni kazi ya halali, lakini si kazi ya wiki mbili.

Bonaire si kisiwa kikubwa. Eneo lake ni kilomita za mraba 288, na mtu mwenye gari anaweza kufika ncha zote mbili kwa siku moja. Nchi yake ni kavu; miti mirefu ni michache, na kilichostawi ni michongoma na dungusi kakati zilizosimama kama askari wa gwaride. Mbuzi na punda hujitafutia malisho wenyewe. Mji mkuu ni Kralendijk, na kijiji cha zamani kuliko vyote ni Rincon, kilichojificha bondeni mbali na bahari. Wenyeji huzungumza Kipapiamentu, lugha iliyochota maneno katika Kireno, Kihispania, Kiholanzi na lugha za Afrika. Mimi kama mwalimu nilifurahi kuona kwamba lugha hiyo imeandikwa na inafundishwa shuleni, haikuachwa iwe ya sokoni tu. Nilijifunza kusema «bon dia» asubuhi na «danki» nikipewa kitu, na nakuhakikishia kwamba maneno hayo mawili yalinifungulia milango mingi kuliko Kiingereza changu chote. Adabu ya kusalimu haina mpaka.

Jambo la kwanza nililolitambua kisiwani ni upepo. Pepo za huko huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima. Upepo huo ni neema, maana hupunguza joto; lakini pia ni mdanganyifu. Anayepulizwa na upepo hahisi jua, na jioni hujikuta ngozi imeungua na kichwa kinauma kwa kukosa maji. Hata sisi weusi tusijidanganye katika hili. Nilivaa kofia pana na shati la mikono mirefu, na nilibeba chupa ya maji kila nilikokwenda. Maji ya bomba ya Bonaire hutengenezwa kutokana na maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, nayo ni safi na yananyweka bila wasiwasi.

Upepo huohuo hukigawa kisiwa sehemu mbili. Upande wa mashariki mawimbi hupiga miamba kwa nguvu, na hata mtoto mdogo akiyaona hurudi nyuma mwenyewe. Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Washington Slagbaai, iliyoanzishwa mwaka 1969, upo ufuko mzuri wa mchanga uitwao Playa Chikitu, lakini kuogelea hapo kumekatazwa kwa sababu ya mikondo. Upande wa magharibi, bahari imetulia kama maji ya beseni, nako ndiko wageni wote huingia majini. Sasa hapo ndipo penye somo. Utulivu ule unatokana na kwamba upepo unatoka nchi kavu kuelekea bahari kuu. Mtu aliyelala juu ya godoro la mpira, au aliyepanda mtumbwi mdogo wa kupiga kasia, husukumwa polepole kwenda nje bila yeye kujua, na akigeuka kutazama ufuko huuona umekuwa mbali. Kurudi ni kupigana na upepo, na mikono iliyochoka haishindi upepo. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Sisi wa ziwani tumezoea kuogopa mawimbi. Bonaire ilinifundisha kuuliza pia upepo unatoka wapi na unakwenda wapi. Kwa sababu hiyo, kila mara nilipopanda mtumbwi nilivaa jaketi la kujiokolea, na nilikwenda sambamba na ufuko, si kuelekea nje.

Nilichoruhusiwa na daktari ni kuelea juu ya maji nikiwa na miwani na mrija wa kupumulia, mahali pa kina kifupi, na si peke yangu. Basi nilifanya hivyo. Msomaji wangu, nilikuwa nimekula samaki maisha yangu yote, lakini sikuwahi kuwatembelea nyumbani kwao. Matumbawe ya Bonaire huanza karibu sana na ufuko, na samaki wa kila rangi huyazunguka kama wanafunzi wakati wa mapumziko. Bahari yote inayokizunguka kisiwa, kutoka ufukweni hadi kina cha mita 60, imekuwa hifadhi tangu mwaka 1979. Kuvua samaki kwa bunduki ya mkuki kulipigwa marufuku mapema zaidi, mwaka 1971. Matokeo ya kukatazwa huko unayaona kwa macho yako. Nikakumbuka jinsi tulivyokuwa tukibishana na wavuvi wetu juu ya nyavu za macho madogo, na nikatamani ningewaweka wote kwenye ndege moja waje waone.

Hata hapo usalama una kanuni zake. Kwanza, mrija si kitu cha kubahatisha kwa mzee. Moyo hufanya kazi zaidi majini kuliko mtu anavyodhani, na aliyechoka hana budi kutoka mara moja, asione haya. Pili, usishike wala kukanyaga chochote. Matumbawe ni viumbe hai ambavyo huchukua miaka mingi kukua kidogo tu, na mengine huchoma ngozi kama upupu. Tatu, vaa viatu vya mpira, maana fuo nyingi za huko si za mchanga bali za vipande vya matumbawe yaliyokufa, na humo mawemawe hukaa viumbe wenye miiba mirefu myeusi. Niliona mtalii mmoja akiruka kwa mguu mmoja hadi kwenye gari lake, na sikuhitaji kuelezwa zaidi.

Katika nchi kavu nako kuna mengi. Upande wa mashariki kuna ghuba ya Lac, yenye maji ya kina kifupi yaliyozingirwa na mwamba. Vijana huteleza hapo juu ya mbao zenye matanga, na pembezoni kuna msitu wa mikoko unaotembelewa kwa mitumbwi pamoja na kiongozi. Kusini, katika mashamba ya chumvi, maji hugeuka rangi ya waridi na chumvi hukusanywa katika vilima vyeupe, na heroe husimama kwa mguu mmoja wakiwa kundi zima. Kaskazini kuna mlima Brandaris wenye urefu wa mita 241, ulio mrefu kuliko yote kisiwani. Mjukuu wangu aliupanda. Mimi nilifika nusu, nikakaa juu ya jiwe, nikamngoja. Anayetaka kuupanda aanze asubuhi na mapema, abebe maji ya kutosha, na avae viatu vya kufunga.

Barabarani, magari hupita upande wa kulia, jambo linalomchanganya Mtanzania hata anapovuka kwa miguu. Taa za kuongozea magari hazipo, na usiku punda husimama katikati ya barabara kama wenye hati ya kiwanja. Tena wapo wezi wadogowadogo wanaojua kwamba mpiga mbizi aliyeingia majini hatarudi kabla ya saa moja kupita. Tulishauriwa tusiache kitu chochote ndani ya pikapu, hata miwani ya jua. Ushauri huo tuliufuata, nasi hatukuibiwa.

Sasa nieleze kazi niliyojipa mwenyewe. Bonaire ina zaidi ya sehemu 80 za kupigia mbizi, na nyingi huingiwa kutoka ufukweni bila mashua. Kando ya barabara huwekwa jiwe la manjano lenye jina la mahali. Watu huegesha gari, huvaa mitungi, hutembea hadi majini, basi. Hakuna nahodha anayehesabu watu. Nilipoona hivyo, ule ualimu mkuu ukaamka. Nilinunua daftari dogo, na kila walipoingia majini niliandika: jina la mahali, walioingia, saa ya kuingia, upande waliokusudia kwenda, saa ya kurudi, na saa ambayo, wasipoonekana, nitaomba msaada. Nyuma ya jalada niliandika namba ya simu ya duka lililotukodisha mitungi. Mkwe wangu alitabasamu tu, kama watu wanavyotabasamu mbele ya tabia za wazee.

Siku ya sita waliingia saa tisa kamili alasiri. Tulikubaliana watoke saa kumi, na nisubiri hadi saa kumi na nusu. Saa kumi ikapita. Saa kumi na robo sikuona kichwa wala mapovu. Binti yangu alikuwa amebaki nyumbani tuliyopanga. Ilipotimu saa kumi na nusu nilipiga simu. Kijana aliyepokea aliniuliza maswali matatu: wameingia wapi, saa ngapi, na wameelekea upande gani? Nikamsomea daftari langu. Akasema anakuja mara moja.

Alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye gari lake tulipowaona mkwe wangu na mjukuu wangu wakija kwa miguu barabarani kutoka kusini, mitungi ikiwa mgongoni. Mkondo ulikuwa umebadilika, nao kwa busara wakaacha kushindana nao, wakatokea sehemu nyingine mbali kidogo. Walikuwa salama kabisa. Lakini mkwe wangu alipomwona mtu wa duka, uso ulimbadilika, na chakula cha usiku kililiwa kimya. Baadaye binti yangu akaniambia kwa upole, kwa lugha yetu ya nyumbani, «Baba, umemtia mwenzio aibu mbele ya watu.»

Nilimjibu, «Mwanangu, aibu hupita. Mwaka 2018 nilikaa ufukweni na wazazi wa wanafunzi wangu, tunangoja watu ambao hawakurudi. Hakuna aliyejua hasa ni wangapi waliopanda. Mimi siwezi tena kukaa ufukweni bila kuhesabu.»

Hakusema neno. Asubuhi yake mkwe wangu alikuja nilipokuwa nikinywa chai, akaniamkia kwa ile «Shikamoo, Baba» yake iliyopinda kidogo, akalichukua daftari, akaandika mwenyewe kwa mkono wake: jina la mahali, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Tangu siku hiyo yeye ndiye aliyeandika, nami nikawa mtunzaji.

Mtihani mwingine ulitupata mwishoni. Anayepiga mbizi huvuta hewa yenye naitrojeni chini ya shinikizo kubwa, na naitrojeni hiyo huyeyuka ndani ya mwili. Akipanda ndege mapema mno, shinikizo likipungua, hutoka kwa mapovu, mfano wa soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo katika damu na mishipa ya fahamu huweza kulemaza au kuua. Ndani ya ndege hewa huwa nyepesi kama ya mlimani, kwenye mita 1,800 hadi 2,400. Kwa hiyo aliyepiga mbizi siku nyingi mfululizo hushauriwa kungoja angalau saa 18 kabla ya kuruka, na wengi husema afadhali saa 24 kamili. Kralendijk kuna chumba cha shinikizo cha kutibia wagonjwa wa namna hiyo, lakini kuwapo kwa hospitali si sababu ya mtu kujitafutia ugonjwa.

Ndege yetu ilikuwa ya jioni. Mjukuu wangu alitaka mbizi moja ya mwisho asubuhi ya siku hiyo, akasema rafiki zake wamewahi kufanya hivyo na hawakudhurika. Baba yake alisitasita. Nilimwambia kijana, «Wapo pia waliovuka na chombo kilichojaa wakafika. Hao si ushahidi.» Alinuna. Nami nikaomba siku hiyo tuitumie nilikotaka kwenda tangu mwanzo.

Tulikwenda kusini, kwenye vibanda vya watumwa. Vimejengwa kwa mawe mwaka 1850, vidogo, vyeupe, vimejipanga ukingoni mwa bahari. Milango yake haizidi kimo cha kiuno. Mtu mzima huingia kwa kujikunja. Humo walilala watu waliochimba chumvi chini ya jua lile nililokuwa nikilikimbia kwa kofia. Familia zao zilikaa Rincon, na mwisho wa wiki waliruhusiwa kwenda kuziona kwa miguu, mwendo wa saa saba hivi, kisha kurudi. Utumwa ulikomeshwa katika makoloni hayo ya Uholanzi tarehe 1 Julai 1863. Mfalme wa Uholanzi aliomba radhi hadharani tarehe 1 Julai 2023, miaka 160 baadaye. Na mbele ya vibanda hivyo, hatua chache, kuna sehemu nzuri za kupigia mbizi zilizopewa majina kutokana navyo. Wageni huvaa mitungi yao wakiwa wamevipa mgongo.

Mjukuu wangu aliinama akaingia. Alikaa ndani kitambo. Alipotoka, magoti yakiwa na vumbi, aliniuliza, «Babu, hawa walikuwa watu wa kwetu?»

Lilikuwa swali gumu, kwa maana kwao ni pande mbili. Nikamweleza ukweli: wengi wao mababu zao waliletwa kutoka Afrika ya Magharibi na ya Kati, si kutoka ziwani kwetu. Lakini waliowaleta, kama wangetukuta wewe na mimi siku ile, wasingetuuliza kabila. Baba yake alikuwa amesimama karibu, amevua kofia, hasemi. Kisha akaanza kumweleza mwanawe, kwa Kiholanzi, mambo ambayo mimi sikuyaelewa, na sikuomba kutafsiriwa. Walizungumza hadi tulipofika uwanja wa ndege. Juu ya ile mbizi ya mwisho hakuna aliyekumbusha.

Watu hudhani usalama ni adui wa starehe, kama mwalimu wa zamu aliyeingia katikati ya mchezo. Mimi sioni hivyo. Kanuni ile ya saa 18 ilitupa siku ambayo hatungeipata kwa hiari yetu. Tena anayebaki nchi kavu anayo kazi, endapo ataikubali: kujua nani ameingia na atarudi saa ngapi, kujua upepo unavyovuma, na kuwa na ujasiri wa kuomba msaada kwa wakati uliokubaliwa, hata kama atachekwa. Hakuna kifaa cha kununua hapo zaidi ya daftari, kalamu na saa. Yangu ninayo bado hapa Ukerewe. Kurasa zilizobaki nimempa kijana anayeendesha mtumbwi wa injini kwenda visiwa vya jirani, nami nimemwomba aandike idadi ya watu kabla ya kung'oa nanga. Juzi nilipovuka naye nilimwona akihesabu kwa kidole, abiria mmoja baada ya mwingine, na wawili wakashushwa wangoje chombo kingine. Walinung'unika sana. Nilikaa mahali pangu nikanyamaza.